Kile Chuma Alichokifuta Baba Kila Jumamosi

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni muuguzi, naishi Jinja. Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo kwenye bwawa la Owen Falls, akafariki mwaka jana. Katika vitu alivyoacha kuna bastola ya zamani yenye mtutu mrefu. Ubavuni imeandikwa Colt na THE WOODSMAN, na vishikio vyake ni vya mbao. Ilikuwa na cheti. Aliinunua miaka ya sitini kwa mhandisi Mwingereza aliyekuwa anarudi kwao. Baada ya matanga niliipeleka polisi pamoja na cheti, nikapewa karatasi ya kupokelewa. Kaka zangu wanasema ni takataka, risasi yake ndogo kama punje ya maharage, haifai hata kulinda kuku, iuzwe au ikayeyushwe. Mimi nakumbuka kila Jumamosi baba akitandika gazeti mezani na kuifuta taratibu, redio ikiwa imezimwa. Mara mbili alinichukua kwenda kulenga shabaha. Sikumwuliza alikuwa anapenda nini. Naomba uniambie wewe: kuna nini ndani ya chuma kile? Na nikiiomba iwe yangu, nitakuwa najitwisha nini?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kumpoteza mzee. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kama fundi, macho yakitafuta jina la bastola. Mara ya pili nilikwama kwenye lile gazeti na ile redio, kwa sababu mimi pia huizima.

Nianze kwa kukutoa wasiwasi. Kuipeleka polisi pamoja na cheti ulifanya sawasawa kabisa. Wapo wanaoiacha silaha ya marehemu sandukuni miaka na miaka wakingoja ndugu wakubaliane, na siku ikikutwa hakuna anayetaka kusikia habari za urithi. Cheti cha silaha ni cha mtu, hakifuati damu. Cha baba kilikoma siku aliyokufa. Hilo nitalirudia, sasa niingie kwenye swali lako hasa.

Mimi ni mtoto wa Bombo, mji wetu Wanubi, Kinubi na Kiswahili nilivinyonya pamoja. Mwaka 1975 nilipelekwa Umoja wa Kisovieti kusomea ufundi wa silaha. Baada ya Idi Amin kuangushwa 1979 nilikimbia nchi kama wengi wetu, na mikono hiihii ikanilisha Nairobi kwa miaka kumi na tisa, kwenye karakana iliyotengeneza bunduki za wawindaji na bastola za watu wenye leseni. Nimeshika silaha nyingi kuliko nilivyopenda, na nyingi kati ya hizo zilibuniwa kwa ajili ya kuua mtu. Ya baba yako ilibuniwa kwa ajili ya karatasi. Mbunifu wake ni John Browning, Mmarekani, na ilipotoka kiwandani Hartford mwaka 1915 Colt waliiita bastola ya shabaha tu. Jina Woodsman, yaani mtu wa msituni, walilichonga kuanzia 1927, kwa kuwa watu wa porini nao walikuwa wameipenda.

Tuanze na risasi, maana hapo ndipo kaka zako walipocheka. Risasi za jeshi zina fataki, ile dawa inayowasha baruti, katikati ya kitako. Pini hugonga pale katikati na baruti huwaka. Hii tunayoiita pointi tuutuu, yaani .22 ya inchi kwa upana, haina kitu katikati. Dawa ya fataki imo ndani ya ukingo, ule mdomo mwembamba unaozunguka kitako cha ganda. Kiwandani dawa hutiwa ikiwa mbichi, kisha ganda huzungushwa kwa kasi mpaka dawa yote ikimbilie ukingoni. Nyundo ikianguka, pini huubana ukingo dhidi ya mlango wa chemba, lile tundu risasi inapokaa, na moto huzaliwa hapo. Ukiokota ganda lililokwisha kupigwa utaona alama pembeni, kovu dogo kama mtoto alilitia jino. Muundo huu ni mkongwe: Smith na Wesson walitoa bastola yao ya kwanza ya risasi za ukingo mwaka 1857, na hii ndefu inayotumiwa hadi leo ilianza 1887. Shaba ya ukingo lazima iwe nyembamba ili ibanike, kwa hiyo haiwezi kubeba nguvu nyingi. Ndiyo maana risasi ilibaki ndogo. Kipande kinachoruka kina uzito wa gramu 2.6 hivi. Cha AK kina kama gramu 8, na kinatoka kwa kasi zaidi ya maradufu.

Sasa sikiliza udogo huo unafanya nini.

Mtu akipewa bastola kubwa, mwili wake hujifunza woga kabla ya kujifunza kulenga. Kabla hata ya mlio kope hufumba, kiwiko hukaza, ngumi huvuta chini, na risasi inakwenda kugonga chini kushoto. Mpigaji haoni lolote kati ya hayo kwa sababu mlio na teke la bastola huja papo hapo na kufunika kila kitu. Anabaki kusema saiti, kile kilengeo cha juu ya bastola, imepinda. Nimerudishiwa bastola nyingi za namna hiyo Nairobi, nikazipeleka renji, uwanja wa kulengea shabaha, mwenyewe, saiti ikawa nzima kabisa.

Ya pointi tuutuu haikupi pa kujificha. Haina teke la kusingizia. Jicho linabaki wazi, unaiona saiti ya mbele ilipokuwa wakati ule ule risasi inaondoka, na ukizoea unaweza kusema kwa sauti kabla hujatazama karatasi: nane, kulia kidogo. Ukienda kuangalia, ni nane, kulia kidogo. Watu huzeeka wakiitafuta raha hiyo. Inatokana na kuijua risasi yako mwenyewe, hata ikiwa mbaya.

Mwalimu wetu kule Urusi alikuwa mzee mwenye vidole vinene kama mihogo. Siku ya kwanza hakutugawia risasi hata moja. Alitupa bastola ya shabaha ya Margolin, akatuambia tutie ganda tupu chembani ili pini isiumize mlango wa chemba. Kwenye Margolin saiti ya nyuma imesimama juu ya daraja la chuma ambalo halisogei, slaidi, kile kipande kinachorudi nyuma kila risasi ikitoka, inapita chini yake. Juu ya daraja lile akaweka sarafu ya kopeki. Akasema, vuta. Sarafu ikaanguka. Akaiokota, akairudisha, akasema, vuta. Tulikuwa vijana kumi na wawili kutoka jeshini, wote tulishapiga bunduki kubwa, na sarafu zilidondoka sakafuni siku nzima kama mvua ya mawe kwenye bati. Siku ya tano yangu ilibaki. Nyundo ilianguka, kopeki ikakaa pale pale. Nilishusha mkono polepole nikiwa naiangalia, na mwalimu akapita nyuma yangu bila kusema neno, akanigonga bega mara moja. Siku hiyo ndiyo niliyoanza kujua kidole changu kinafanya nini.

Baadaye tulielezwa habari za aliyeibuni bastola ile. Mikhail Margolin alipofuka akiwa kijana, kwa jeraha la vita. Hakuweza tena kuchora, kwa hiyo alifinyanga kila kipande kwa vidole, akipapasa mpaka umbo likae sawa, kisha wengine wakalipeleka kwenye chuma. Nilipoambiwa hivyo nilifumba macho nikaishika upya, na kishikio kilijaa kiganjani kana kwamba nilipimwa.

Wewe ni muuguzi, na kuna jambo utalielewa upesi kuliko askari. Nyoosha mkono mmoja, mshindo wa moyo utauona kwenye ncha ya saiti. Inapanda na kushuka kidogo sana, kwa mpigo. Pumzi nayo inaisogeza. Ukinywa chai nyingi asubuhi, itakwambia. Ukiwa umegombana nyumbani, itakwambia pia. Hakuna binadamu anayeweza kuisimamisha saiti kabisa, na anayejaribu kuiiba ile nukta inapopita katikati ndiye anayeharibu. Kazi ni kuuacha mtikisiko uwe mdogo, kuikubali sehemu iliyobaki, na kuongeza uzito kwenye kifyatulio kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mgonjwa. Karatasi ya shabaha ya mita 25 ina duara la kumi lenye upana wa milimita 50, kama mdomo wa kikombe kidogo cha kahawa. Toka huko mpaka kwako kuna mlolongo wa vitu vingi, na karibu vyote vimo ndani ya mwili wako. Baba yako alipozima redio alikuwa anajitayarisha kwa hilo, hata siku ambayo hakwenda kupiga.

Hayo ni ya risasi. Kuna na ya chuma.

Kwenye Woodsman slaidi ni fupi, imekaa nyuma tu. Mtutu umefungwa kwenye fremu na hautikisiki. Bastola nyingi za kivita mtutu wake huteleza na kuinama kila inapolia, kisha unarudi mahali pake kwa makadirio. Huu umesimama kama mlingoti, na ndani ya makadirio ya mtutu ndimo kumi zinamopotelea. Kishikio kimelazwa nyuma, kiasi kwamba ukiinua mkono bila kufikiri, mdomo wa bastola unatazama pale jicho linapotazama. Uzito wote ni karibu gramu 800.

Lakini uhai wa bastola za aina hii umo kwenye kifyatulio. Unakivuta kidogo, kinafika mahali kinasimama, kama mtu aliyefika mlangoni anangoja hodi ijibiwe. Unaongeza. Hakuna kinachosogea, hakuna mkwaruzo. Unaongeza tena kidogo, na kinakatika ghafla kama bua kavu la mtama. Ndani yake ni vipande viwili vya chuma vilivyoshikana kwenye ukingo mwembamba kuliko unene wa kucha yako. Mtu fulani alikaa kitini huko Hartford na jiwe la kunolea, akasugua mara mbili, akajaribu, akasugua mara moja, akajaribu, mpaka akaridhika.

Ninajua jinsi kazi ile ilivyo ngumu kwa sababu niliwahi kuiharibu. Mwaka wangu wa pili Nairobi mteja alileta High Standard, bastola nyingine nzuri ya shabaha ya Marekani, akalalamika kifyatulio kizito. Nilikifungua, nikasugua, nikahisi kimelainika, nikasugua tena kwa kujiamini. Nilipoijaribu kwenye kasha la mchanga ilitoa risasi mbili kwa mvuto mmoja. Nilikuwa nimekula ukingo wote. Kipuri hakikuwapo, ikabidi nikikate kipande kipya kwa tupa, siku tisa, na vitatu vya kwanza nilivitupa. Tangu hapo nikishika kifyatulio cha zamani ambacho hakijaguswa, namheshimu aliyekikamilisha kama ninavyomheshimu fundi aliyechonga mlango wa Lamu.

Ile buluu inayokaribia weusi ambayo bila shaka umeiona chini ya taa haikupakwa kwa brashi. Chuma kilisuguliwa mpaka kikawa kama kioo, kisha kikapewa joto mpaka uso wake wenyewe ukageuka rangi. Chuma kikisuguliwa vibaya, buluu huonyesha kila kosa. Kwenye bastola njema za kabla ya Vita vya Pili unaweza kujinyolea ndevu ukijitazama ubavuni.

Kazi ya namna hiyo ilikuwa ghali, na ghali hatimaye iliiua. Mwaka 1949 William Ruger na mwenzake Alexander Sturm walitoa bastola ya pointi tuutuu kwa dola 37.50. Fremu yake ni mabamba mawili ya chuma yaliyokandamizwa kwa mashine yakaunganishwa kwa kulehemu, ilhali ya Colt ilichongwa kutoka kipande kimoja. Ruger ni bastola nzuri, inapiga vizuri, na nimeitengeneza mara chache sana kwa sababu haiharibiki. Colt waliacha kutengeneza Woodsman mwaka 1977. High Standard ilifungwa 1984. Kwa hiyo kila moja iliyoharibika haina mbadala unaotoka kiwandani, na hilo ni sehemu ya sababu watu wa nje wanazitafuta kwa udi na uvumba.

Sitakudanganya: kama unataka kushinda mashindano makubwa ya leo, nunua ya leo. Zina vishikio vinavyochongwa kwa kufuata kiganja chako, vifyatulio vinavyorekebishwa kwa gramu, na mtutu ulioshushwa karibu na kidole ili mdomo usinyanyuke. Kipya kinyemi, na safari hii hata siyo kidonda. Ila mita 25 karatasi haijui umri wa bastola. Woodsman yenye mtutu mzima bado inaweka kumi juu ya kumi kama aliyeishika anaweza, na wengi wetu hatutawahi kuwa bora kuliko bastola hiyo. Uwezo wake ni mkubwa kuliko wetu, na kuukimbilia uwezo huo ni kazi ya miaka.

Kwa wale wanaosema ni silaha za wazee waliochoka, wakumbushe habari za Károly Takács. Alikuwa askari wa Hungary, mpigaji hodari wa mkono wa kulia. Mwaka 1938 guruneti ilimlipukia mkononi, mkono huo ukaharibika. Akajifunza upya kwa kushoto, peke yake, bila kutangaza. Vita vikaifuta michezo ya Olimpiki miaka ya 1940 na 1944, akaendelea kungoja. London 1948, akiwa na miaka 38, alichukua dhahabu ya bastola ya kasi kwa pointi 580, rekodi mpya ya dunia, na miaka minne baadaye akaichukua tena Helsinki. Bastola za mashindano yale zilikuwa za risasi hizi hizi ambazo kaka zako wanaziita maharage. Wanawake nao walipoanza kushindania bastola ya mita 25 kwenye Olimpiki, mwaka 1984, ilikuwa kwa risasi hiyo hiyo. Mchezo huu haudai misuli. Nimeona mama wa miaka sitini akiwafunza adabu vijana wa kikosi.

Najua kuna jambo hukuliandika. Uganda ukitaja bastola watu hutazama mlango. Nyumba zetu zimebishwa hodi usiku na watu wenye bunduki, kizazi changu kimezika vijana wengi, na sisi wa Bombo na West Nile tunajua pande zote mbili za mtutu. Kwa hiyo nikisema napenda bastola, najua naongea na nani. Nilirudi nyumbani nikiwa sitaki kuziona kabisa. Kilichonirudisha ni bastola moja ya Walther, ile aina ya Olympia iliyovuma tangu michezo ya Berlin 1936, ambayo mteja wa zamani alinipelekea niikague. Nilipiga risasi tano, peke yangu, asubuhi, ukungu bado haujaondoka. Mikono ile ile iliyobeba mambo ya 1979 ilikuwa imetulia, ikifanya kazi ndogo kwa usahihi, na hakuna aliyeumia. Nilikaa chini kwenye nyasi. Sidhani baba yako, aliyeishi Jinja miaka ile yote, alikuwa na sababu tofauti sana na yangu, ingawa hilo unaweza kulipima wewe uliyemjua.

Na alikuwa fundi wa mitambo. Mtu aliyekuwa akisikiliza mtambo wa bwawa na kujua kwa mlio wake tu kama beringi imechoka, huyo hawezi kukishika kifyatulio kile asikitambue kuwa ni kazi ya mwenzake.

Basi mzigo wenyewe. Sheria ya silaha ya 1970 hairuhusu kununua, kupokea wala kuwa na silaha bila cheti chenye jina lako. Safari huanzia kwa LC wako, mwenyekiti wa kijiji, na polisi wa wilaya, unachunguzwa tabia na sababu yako, na uamuzi hutoka juu. Tangu serikali ilipoagiza mwaka 2018 silaha zichukuliwe alama zake kwa njia ya kielektroniki, tarajia na hilo. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo itunze ile karatasi ya kupokelewa, piga nakala mbili, weka moja kwa ndugu unayemwamini. Andika sababu yako kama ilivyo: ni bastola ya shabaha ya marehemu baba, unataka kuilenga shabaha. Usiandike ulinzi. Kwa ulinzi kaka zako wana haki, haifai, na afisa mwenye uzoefu atajua hivyo.

Uliza pia, kabla ya kutuma maombi, utaipigia wapi na risasi utazipata kwa nani. Shambani kwa mjomba siyo jibu. Kipande kile kidogo kinaweza kuruka zaidi ya kilomita moja kikikosa kizuizi, na kinaua. Kinadunda juu ya maji na juu ya mawe. Renji yenye ukuta wa udongo, yenye msimamizi, au usipige. Na risasi za pointi tuutuu hazikai madukani kama sukari. Wauzaji wenye leseni wanaoziweka ni wachache.

Nyumbani iwe ndani ya sanduku la chuma lililofungwa kwa bolti ukutani, risasi mahali pengine, ufunguo kwako tu. Watoto wasijue ilipo. Nimesema hili kwa mistari miwili lakini ndilo zito kuliko yote, na kama nyumba yako haiwezi kulibeba, basi iuze kwa mwenye leseni wala usijilaumu.

Kuitunza ni kazi ndogo ila ina makosa yake. Usiiweke kwenye mfuko wa ngozi. Hewa ya Jinja, pembeni ya ziwa na mto, ina unyevu mwaka mzima, na ngozi huunyonya na kuukumbatia chuma pamoja na dawa zilizotumika kuilainisha. Niliwahi kuletewa Woodsman iliyolala kwenye mfuko wake miaka minane. Tulipoivua, ubavuni palikuwa na mstari wa nukta za kutu, moja moja, umbali sawa sawa. Ilichukua muda kutambua kwamba ni alama za mshono wa mfuko. Uzi ulikuwa umejichora kwenye chuma. Buluu ile haikurudi tena. Tumia kitambaa cha pamba na mafuta mepesi, kidogo sana, kama alivyofanya mzee.

Usivute kifyatulio chemba ikiwa tupu, kwa sababu ile niliyoipata kwa yule Mrusi: pini isipokuta ukingo wa ganda inaweza kuupiga ukingo wa chemba, na pakishabonyea, maganda yataanza kunasa. Fimbo ya kusafishia isikwaruze mdomo wa mtutu, kwa kuwa hapo ndipo mahali pa mwisho risasi inapoguswa. Na baada ya kupiga nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Hizi risasi nyingi ni madini laini ya risasi yaliyopakwa nta tu, na wewe muuguzi sihitaji kukueleza madini hayo yanafanya nini kwenye damu ya mtoto.

Ukipewa nafasi ya kuikagua kituoni, mbele ya afisa, magazini ikiwa imetolewa na chemba imehakikishwa tupu, mulika tochi ndani ya mtutu. Risasi za pointi tuutuu za zamani zilikuwa na fataki zilizoacha chumvi ndani, na mitutu mingi ya miaka ile ililiwa ikabaki na vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Ukiona misokoto, ile mifereji inayoizungusha risasi, ni mizima na inang'aa, shukuru Jumamosi zote zile. Ukiona vishimo vichache usikate tamaa, mtutu wa namna hiyo mara nyingi bado unapiga vizuri kuliko unavyoonekana.

Halafu geuza nyuma ya kishikio, pale kiganja kinapokaa kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Kuna kipande cha chuma kinachoshikilia springi ya nyundo. Hapa nataka uwe makini kuliko mahali popote. Jina THE WOODSMAN linaniambia haikutengenezwa kabla ya 1927, na mbao zinanifanya nidhani ni ya kabla ya 1947, maana baada ya hapo Colt waliweka plastiki kwa miaka kadhaa. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1932, kipande kile kilibadilishwa kikaimarishwa, kwa sababu risasi za kasi kubwa zilikuwa zimeingia sokoni. Cha zamani kimechongwa vijumba vidogo vidogo kama ngozi ya kenge. Kipya kina mistari ya kulala. Chenye vijumba kinataka risasi za mwendo wa kawaida peke yake. Ukikipa za kasi, slaidi inarudi nyuma kwa nguvu isiyotarajiwa na chuma kinaweza kupasuka mbele ya uso wako. Wanaouza risasi wengi hawalijui hili, watakupa boksi lolote.

Kwa hiyo tazama, vijumba au mistari, na uniandikie umeona nini kabla hujanunua hata risasi moja. Na kama yule kaka mkubwa atakubali, mwambie akusindikize siku hiyo, aishike na yeye.